Disketi ya Mwanamina

Kibiti,
2 Septemba 1996

Mjomba Mshamu,

Shikamoo, wewe na mkaza mjomba Muzdalifa na wote mlio hapo Mbwera. Sisi hatujambo. Rukaya ameota meno ya ukubwa ya mbele, na sasa anajitazama kwenye kila sufuria inayong'aa. Baba yake bado yuko Nyamwage, ana kibanda cha redio na magodoro barabarani. Tangu biashara iwe huria, huku kila mwenye miti minne na bati moja ni tajiri. Visima vimeshuka lakini hatulali njaa.

Najua nimekaa kimya tangu Idi ya kuchinja. Nigombeze kwenye majibu, nimestahili.

Mjomba, nina shida. Pale mradini ninapopiga chapa, wafadhili wametuletea kompyuta mpya. Ile ya zamani, niliyoichapia tangu mwaka themanini na nane, inaondolewa mwisho wa Novemba, na programu yake ya kuandikia inakwenda nayo. Ile mpya haizisomi nyaraka za zamani. Ukizifungua unaona vijisanduku, nyota na herufi ambazo hata shetani hazijui. Na disketi kubwa tulizokuwa tukitumia hazina hata pa kuingia kwenye mashine mpya. Kuna fundi anatoka Dar siku mbili kila wiki, Abdulswamadu, anazihamisha nyaraka za ofisi moja moja kabla mashine kuukuu haijaondoka. Mimi namsaidia.

Unakumbuka arobaini ya mama, mwaka tisini? Uliomba kitu chake cha ukumbusho, nikakupa kibao cheusi chembamba kwenye bahasha, nikakwambia maneno ya mama yamo humo. Hiyo ndiyo disketi. Mama alipokuwa anaumwa hapa kwangu alinieleza maisha yake, mimi nikayaandika kwa hati mkato, kisha nikayachapa ofisini saa za chakula. Kurasa kumi na moja. Daftari la hati mkato limeliwa na mchwa. Disketi ya pili, niliyobaki nayo mimi, imeota kuvu, mashine imeikataa mara tatu. Imebaki yako.

Mama ana picha moja tu, ya kitambulisho, na amenuna. Sauti yake Rukaya hajaisikia na hataisikia. Nikiikosa hiyo disketi kabla ya Novemba kwisha, basi maneno ya mama ndiyo yamekwisha, kwa sababu hapatakuwa na mashine ya kuyasoma.

Mpe Sikudhani, yule anayeleta kamba wa baharini Nyamisati. Atanifikishia.

Wako mpwa,
Mwajabu

*

Mbwera,
29 Septemba 1996

Mpwa wangu Mwajabu,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka kamba. Sikudhani amekaa nayo siku tisa anasema aliisahau kapuni. Mwanamke yule siku moja atasahau kichwa. Sisi tuzima. Muzdalifa goti linamsumbua lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Tumeanza kufyeka mashamba. Nguruwe wa mwaka jana walitumaliza, mwaka huu nimeapa nitahamia dunguni kulinda shamba mapema, wanikute huko huko.

Nakuandikia kwa mkono wangu, usicheke hati. Kisomo cha watu wazima kilinipa herufi kubwa tu, ndogo walisema tutajifunza mwaka unaofuata, na mwaka huo haujafika.

Sasa hicho kibao. Kipo. Hakijaguswa na panya wala mchwa, nimekiweka mahali pa heshima. Lakini kabla sijakitoa nijibu neno moja. Mimi nimetajwa humo? Nimetajwaje? Wewe ndiye uliyechapa.

Nakuuliza kwa sababu mama yako alikufa hatusemezani, miaka minne mizima, ndugu wa tumbo moja. Nilikuja mazikoni nikakuta mmekwisha fukia. Hakuna aliyenivuta kando akaniambia Mwanamina amekuachia radhi, wala aliyeniambia hakuacha. Mtu akifa nduguye hana radhi naye, yule aliyebaki anakwenda mbele ya Mola na kitu gani? Nina miaka sitini na tatu, Mwajabu. Usiku na mchana nalifikiria hilo.

Najua mnanilaumu kwa mdogo wako Habiba. Nilisema matangani na nasema tena. Mama yako alimtuma jirani yetu Kibwana anifuate nilikokuwa napakia boriti za mikoko, nije na mashua ya injini tumpeleke mtoto zahanati. Kibwana, Mungu amrehemu, hakunikuta. Mito ya huku ni mingi, alipita mwingine. Ningejua mtoto yu mahututi ningekuja hata kwa kuogelea.

Nijibu kwanza.

Mimi mjomba wako,
MSHAMU

*

Kibiti,
11 Oktoba 1996

Mjomba,

Shikamoo. Goti la mkaza mjomba mkandeni kwa maji ya chumvi, na mdomo mwacheni hivyo hivyo. Hapa Rukaya aliumwa homa siku tatu, nikakaa naye zahanati, sasa anakula. Homa ya mtoto bado inanitetemesha mimi kuliko yeye.

Unauliza umetajwaje. Mjomba, mpiga chapa hasomi. Vidole ndivyo vinasoma, kichwa kinawaza mboga. Nimechapa ripoti za mpunga miaka minane, niulize mbegu gani inazaa zaidi, sijui. Ya mama niliyachapa nikiwa na uchungu, haraka haraka, kabla mkuu wa ofisi hajarudi kula. Sikumbuki.

Lete disketi, tusome wote. Fundi Abdulswamadu amenionyesha anavyofanya. Anaufungua waraka kwenye mashine ya zamani, anauvua mapambo yote, herufi nzito, mistari, nafasi, yanabaki maandishi matupu. Maandishi matupu anasema hayachagui mashine. Ya leo, ya kesho, yote yatayasoma. Kisha anaunganisha mashine mbili kwa waya na kuyavusha. Ya kwanza kuvuka yalikuwa na kichekesho, kila neno limepoteza herufi yake ya mwisho, ripoti nzima inasomeka kama mtu anayekatwa pumzi. Akatengeneza kijiprogramu cha kurudisha herufi, sasa yanavuka salama.

Novemba tarehe thelathini gari linakuja kuichukua mashine. Nakusihi, mjomba.

Mwajabu

*

Mbwera,
19 Novemba 1996

Mwajabu,

Marahaba. Pole kwa mtoto, mpe salamu zangu, mwambie babu yake wa Mbwera ana embe dodo lenye jina lake. Huku mvua za kwanza zimegusa, tumemwaga mbegu upande wa juu.

Nimechelewa, nakiri. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kwamba vidole vinasoma kichwa kinawaza mboga. Sawa. Mimi nimepasua boriti miaka thelathini na kila niliyoipasua naikumbuka, lakini sawa, wewe ni msomi.

Muzdalifa ndiye aliyenishinda. Kasema, mzee, hayo ni maneno ya mama wa watu, hata kama yana sumu si yako kuyazuia. Nimempa Sikudhani mzigo. Nimemwapisha.

Usishangae rangi yake. Nilikwambia nimekiweka mahali pa heshima. Kilikuwa uchagani juu ya jiko, ndani ya kibuyu cha mbegu, pale pale ninapoweka mpunga wa mwakani na hati ya shamba na msahafu wa baba kabla sijaupeleka msikitini. Kila kitu cha huku tusichotaka kioze tunakipa moshi, wewe umezaliwa huku unajua. Miaka sita hakikukosa moshi hata siku moja. Kweli, ndani kumeingia masizi kidogo, na ncha moja imejikunja, lakini mdudu hajakigusa.

MSHAMU

*

Kibiti,
15 Desemba 1996

Mjomba wangu,

Shikamoo. Shaabani imeingia, tunakwenda kwenye kufunga, Mungu atufikishe. Baba Rukaya amerudi kutoka Nyamwage na kikohozi. Mimi mzima.

Mzigo ulifika tarehe ishirini na saba, siku tatu kabla ya gari. Nilipoufungua nililia mbele za watu. Disketi haiwekwi motoni, mjomba! Haitaki joto, haitaki vumbi, hata kidole haikitaki. Fundi aliiangalia akasema hii imebanikwa. Nilitaka kukukasirikia, nikainusa, ikanuka jikoni kwa bibi, hasira ikanitoka. Hukunikosea. Ni mimi sikukwambia inavyotunzwa, nilikupa tu.

Sikia alichofanya Abdulswamadu. Akakata lile gamba upande mmoja kwa wembe, akatoa utando wa ndani, ni kiduara cha kahawia chembamba. Akauosha kwa maji na sabuni kidogo, mimi nikaukausha kwa kanga mpya isiyo na nyuzi zinazotoka. Akachukua disketi nyingine safi, akaitoa utando wake, akauvisha wa mama gamba hilo. Mara mbili mashine ilikataa. Mara ya tatu ikaanza kukoroma. Kurasa nne zimepotea kabisa. Saba zimetoka, nyingine nzima, nyingine zina matundu moshi ulipokula, na kwenye tundu tumeweka nukta. Tarehe thelathini gari likaja, likaichukua mashine.

Haya ni ya mama, nimeyanakili neno kwa neno:

"Mshamu ndiye aliyenifundisha kupiga kafi mtumbwini, meno ya ukubwa sijaota. Akanifunga kamba kiunoni, akashika ncha. Akaniambia we Mina, ukizama mimi nakuvuta, lakini usizame maana nitakuchapa. Nikazama. Akanivuta ....... akanichapa kweli. Kisha akalia yeye."

Nilicheka, nikafuta machozi.

Na lile uliloniuliza, lipo. Nimelitoa kwenye karatasi peke yake, limo humu kwenye bahasha. Lisome, utulie. Usiwe tena na mawazo.

Mwajabu

(Karatasi iliyokuwa ndani ya bahasha)

Kaka yangu mpendwa Mshamu, mimi dada yako Mwanamina ninakusamehe yote kwa moyo mkunjufu. Sina kinyongo nawe kuhusu kifo cha binti yangu Habiba, kwani ajali haina kinga. Ninakupa radhi yangu kamili duniani na akhera.

*

Mbwera,
16 Februari 1997

Mpwa wangu,

Marahaba. Idi ilikuwa njema, tulichinja bata. Mpunga umesimama. Muzdalifa anakusalimu.

Barua ilinifikia kabla ya mwezi kuandama, nikafunga mwezi mzima nayo mfukoni. Nilitaka kuiamini. Wallahi nilijaribu. Kila baada ya tarawehe nikiitoa naisoma, nasema haya Mshamu, umepata, lala. Silali.

Mwajabu, ile ya kafi ni yake. Nilipoisoma nilimsikia mpaka nikageuka nyuma. Lakini hii ya pili nani kaiandika? Mwanamina hajaniita kaka tangu azaliwe, aliniita Mshamu wee, na akikasirika aliniita jina la kovu langu ambalo wewe hulijui. Moyo mkunjufu! Hakusema moyo mkunjufu hata siku anaolewa. Hiyo ni barua ya ofisi, ilibaki kugongwa mhuri tu. Na moshi wangu umetoboa hata ile ya kafi, hii haina hata tundu moja.

Sikukasirika. Nimeona umenionea huruma, ukanifinyangia radhi uliyoikosa kwenye mashine. Ila la kuvunda halina ubani, mwanangu. Mimi ndiye ninayejua nilivyoishi na mama yako. Kama amenilaani, nitumie laana yake na matundu yake. Ni yangu. Usinipunguzie.

MSHAMU

*

Kibiti,
9 Machi 1997

Mjomba,

Shikamoo. Ni kweli, niliiandika mimi. Kwa mashine mpya, dakika kumi. Nisamehe. Nilidhani mzee akishapewa neno zuri halikagui.

Tena nikwambie na hili, liishe. Nilikudanganya pia kwamba sikumbuki. Nakumbuka kila neno lililokuhusu wewe. Na ile siku ya arobaini sikukupa disketi kwa mapenzi. Ulisimama mlangoni unaomba ukumbusho, mimi moyoni nasema, unataka kitu cha mama? Chukua, na hutakifungua maisha yako. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuchukia, mjomba.

Huu hapa ni ukurasa wa nane, kama ulivyotoka:

"Habiba alikuwa anaungua. Maji hataki, uji hataki. Kila upepo ukipita kwenye mikoko anasema mama, injini ya mjomba hiyo. Namwambia ndiyo, huyo anakuja. Anatulia. Kidogo tena, mama, injini hiyo. Namwambia ndiyo mwanangu, amefika kwenye kona ........ Alikuwa anampenda Mshamu kuliko baba yake. Nilimdanganya mpaka alfajiri. Mwisho akaacha kuuliza, nikajua."

Mengine sitayatuma. Usiniulize.

Mwajabu

*

Dunguni, Mbwera,
25 Mei 1997

Mwajabu mwanangu,

Salamu zako zimefika. Huku mpunga umeweka masuke, ndege ni wengi kuliko watu, nakuandikia huku navuta kamba ya madebe. Muzdalifa nimemwacha nyumbani. Nimetaka kuwa peke yangu.

Ukurasa wa nane nimeusoma kwa sauti. Sikujua kwamba aliniita. Miaka kumi na moja hakuna aliyeniambia mtoto aliniita. Nilijua alikufa. Hilo la kuniita sikulijua.

Sasa nisikilize, na ukimaliza fanya utakavyo, tangaza ukitaka, mpe mtu asome msikitini.

Kibwana alinikuta.

Alinikuta mchana, maji yamejaa, mashua iko ubavuni mwa gogo la kupakilia. Akasema Mina anakuita, Habiba hali yake si nzuri, njoo na injini. Zilibaki boriti kumi na mbili. Tajiri wa boriti yupo pale amesimama, mwenye injini ni yeye. Akasema maliza, utakwenda. Mimi nikamwambia Kibwana tangulia, mwambie nakuja. Nikawaza, homa ya mtoto, homa gani isiyongoja boriti kumi na mbili? Nilikuwa nimepewa injini mwezi ule, nahodha wa kwanza Mbwera yote, kila mtu ananiamkia. Sikutaka kuonekana nimeitwa na mwanamke nikaacha kazi.

Tulipomaliza mashua ilikuwa nzito na maji yamekwisha toa, mto umekupwa. Tukakwama matopeni. Nikashuka nikasukuma, matope mpaka kifuani, haikwenda. Maji ya usiku hayakuiinua, nikakaa pale mpaka ya kesho yake. Nilipofika mchana wa pili nikakuta wanaume wamebeba jeneza dogo, na mama yako kasimama mlangoni ananitazama. Nikafungua kinywa kusema nimekwama. Kikatoka, sikupata habari, Kibwana hakunikuta. Kibwana alikuwepo. Akatazama chini. Hakunisuta mpaka anakufa, na mimi sikumuuliza kwa nini.

Nilidhani uongo ule utanifaa siku moja tu, ya msiba. Kumbe nimeulisha miaka kumi na moja. Mficha uchi hazai, na mimi sikuzaa kitu tangu siku ile, hata sala zangu naziona zinarudi. Nilimwogopa Mwanamina. Nikifika Kibiti sokoni nazunguka nyuma ya maduka nisikutane naye. Alikuwa mdogo wangu, nilimfunga kamba kiunoni, nikamwogopa.

Sikuombi radhi tena. Nilikuwa naiomba kama mtu anayedai haki yake, na sina haki. Nimetaka tu ujue kwamba alikuwa anamwambia mtoto kweli. Nilikuwa nimesema nakuja.

Mshamu

*

Kibiti,
27 Julai 1997

Mjomba Mshamu,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako miezi miwili. Maulidi imepita, Rukaya ameanza darasa la madrasa, baba yake amepona kifua. Nimeandika majibu mengi nikayachana. Haya naandika kwa mkono, si kwa mashine, ujue ni mimi.

Mama alijua. Kibwana aliporudi mchana ule alimwambia, Mshamu nimemkuta, amesema anakuja. Ndiyo maana alimwambia Habiba ndiyo, huyo anakuja, alikuwa ameahidiwa. Kesho yake aliposikia ukisema hukuambiwa, mbele ya jeneza, aliingia ndani akafunga mlango. Hakumwambia mtu. Aliniambia mimi tu, hapa Kibiti, akiwa hawezi tena kuinuka, na akaniapisha. Ukurasa wa kumi na moja nilikatazwa kuutoa kwenye karatasi, nilikatazwa kukutajia, nilikatazwa hata kukudokeza, mpaka useme mwenyewe. Ndiyo sababu nilipoona unazeeka na husemi, nikakuandikia radhi ya bandia. Ya kweli sikuwa na ruhusa ya kukupa.

Sasa umesema. Huu hapa, na matundu yake:

"Mshamu wee. Akisema kwa kinywa chake kwamba Kibwana alimkuta, basi mpe ........ yangu yote, asibakize. Sikumchukia kwa boriti. Maji yanatoa, kila mtu wa Mbwera amekwama siku moja. Nilimchukia kwa kusema hakuambiwa, maana aliniacha mimi ndiye mwongo mbele ya mwanangu. Asiposema, msimwambie kitu. Msimkumbushe. Anajua nyumba ilipo, si mbali, ........ kila gari la Nyamisati likipita namtazamia. Leo Jumanne. Labda Alhamisi."

Hayo niliyaandika Jumanne tarehe kumi Aprili mwaka tisini. Alikufa Jumamosi. Ile Alhamisi nilimkalisha dirishani kwa mito miwili mgongoni.

Palipo na tundu la kwanza moshi wako umekula neno moja, fundi alijaribu kila njia, halikutoka. Nililichapa mimi kwa vidole vyangu, na ni radhi. Najua nimekwisha kukudanganya kwa neno hilo hilo, na una haki ya kutonisadiki. Hakuna tena mashine ya kunishuhudia wala daftari. Nipo mimi tu.

Kwa hiyo nakwambia na langu. Mimi sijakusamehe. Nimejaribu miezi hii miwili na sijaweza. Nikiona dirisha lile naona mito miwili. Kama ningekuwa nakudanganya tena, mjomba, ningekupa na yangu.

Mwajabu